Kesi za Batuli Hazifiki Hukumu

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wetu, waheshimiwa mahakimu, mawakili mlioacha majoho yenu mkaja kukaa nasi mkekani, wazee wa Kaole, na kina mama mlioko ndani mnaotusikia kwa kipaza sauti, familia ya marehemu Mzee Muharami Kondo inawashukuru kwa kufika, na imemteua Ally, yule mdogo wa Wakili Batuli aliyemwachia ziwa, awasomee maisha ya dada yake kabla hatujaelekea msikitini kwa swala ya Ijumaa, na kisha makaburini. Tunaomba radhi ikiwa usomaji utazidi kidogo urefu mliouzoea, kwani yapo maneno yaliyosemwa sana juu ya Wakili Batuli, sokoni, barazani, na hata asubuhi ya leo hapa uani, na familia imeona heri yasemwe kwa sauti mbele ya jeneza lake kuliko yaendelee kunong'onwa nyuma yake.

Marehemu Batuli Muharami Kondo alizaliwa Kaole tarehe 14 Agosti 1969, mtoto wa pili wa Mzee Muharami, mkulima wa mihogo na minazi, na Bi Mize binti Ally, ambaye Mungu amempa umri mrefu na leo amekaa ndani akisubiri mwanawe ainuliwe. Alisoma Shule ya Msingi Kaole kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, na mama anasimulia kwamba walimu wa mwanzo walimdhania mzito wa kuelewa, kwa sababu alikuwa akiulizwa jambo hulinyamazia, kisha kesho yake asubuhi, wenzake wamekwisha kulisahau, ananyoosha mkono na kulijibu. Tabia hiyo hakuiacha, alikwenda nayo sekondari Jangwani, akaenda nayo Korogwe kidato cha tano na cha sita, akaingia nayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1991, na alipohitimu shahada ya sheria mwaka 1995 wenzake walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba ukimya wa Batuli si wa mtu asiyejua.

Tarehe 11 Desemba 1998 aliapishwa kuwa wakili, akaanza kazi katika ofisi moja ya mawakili jijini Dar es Salaam, na huko ndiko alikoipenda kazi ambayo wengi huikimbia kwa kuona haina utamu, yaani kesi za biashara, washirika waliogombana, wanahisa waliofungiwa mlango, kampuni iliyopokea mali na kukana. Alikuwa akisema kwamba watu wawili waliofanya biashara pamoja wakagombana huwa wanajuana kuliko mke na mume, na hivyo wanajua pa kuumizana. Mwaka 1999, tarehe 17 Julai, alifunga ndoa na Bwana Ibrahimu Dihenga, afisa misitu, wakajaaliwa watoto wawili, Ahlam aliyezaliwa mwaka 2001, ambaye leo ni mfamasia, na Farhan aliyezaliwa mwaka 2005, ambaye yuko chuoni. Mwaka 2004 walihamia Bagamoyo, akafungua ofisi yake Dunda, nyumba ya ukuta mweupe iliyopakana na stoo ya vifaa vya ujenzi, mnaifahamu nyote.

Yaliyofuata ndiyo tunayoomba myasikilize kwa utulivu.

Mwaka 2007 alimtetea mmoja wa washirika wawili wa kituo cha mafuta kule Msata, na yule mshirika wa pili, siku ya kusikilizwa shahidi wa mwisho, alianguka kwenye korido ya mahakama na hakuinuka tena. Mwaka 2011 aliwasimamia wanahisa wa machimbo ya kokoto Lugoba dhidi ya mkurugenzi wao, na wiki ambayo hukumu ilitarajiwa, mkurugenzi yule aligongwa na lori pale njia panda ya Msata akiwa anavuka kwenda kununua maji ya kunywa. Mwaka 2016 ilikuwa kesi ya hoteli moja ya Mapinga, na mwenye hoteli alikutwa asubuhi amekufa kitandani, hana jeraha, hana ugonjwa uliojulikana. Wote watatu walikuwa upande wa pili, na wote watatu Batuli alikwenda kuwazika, kwa kuwa kwake yeye kugombana na mtu mahakamani hakukuwa sababu ya kutomzika. Ila watu walimwona amesimama pale, kimya kama kawaida yake, wakasema amekuja kuhakikisha.

Ndipo yalipozaliwa maneno yale ambayo kila aliyekaa hapa ameyasikia, kwamba kesi za Batuli hazifiki hukumu.

Mwanzoni aliyacheka. Baadaye akaanza kuona mambo madogo madogo, karani aliyemwomba aweke karatasi mezani badala ya kumpa mkononi, wakili mwenzake wa miaka mingi aliyeacha kunywa chai ofisini kwake, wapinzani waliokuja kusuluhishwa haraka mno, wengine wakisaini bila hata kusoma, macho yao chini. Ahlam alirudi kutoka shule siku moja analia, ameambiwa mama yake ana kitu. Bi Mize alimshika mkono akampeleka kusomewa dua, naye akaenda kwa kumtii mama, na sheikh aliyemsomea, ambaye leo yuko nasi, alisema wazi kwamba hakuona kitu. Watu wakasema sheikh ameogopa.

Kwa sababu hiyo, ndugu waombolezaji, kuanzia mwaka 2017 Wakili Batuli alipunguza kesi na kugeukia usuluhishi, kila Jumamosi barazani pa ofisi yake, bila malipo, akakaa na washirika wa mabasi, vikundi vya kina mama wa mwani, ndugu waliorithi duka moja. Aliwalea mawakili vijana, wengi wao wamekaa mstari ule wa pili, akawafundisha kusoma mkataba kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki, na chama cha mawakili kilimchagua mara mbili kuwa kiongozi wao katika eneo letu. Alidhani kwamba jambo likiishia mezani, maneno yale yatakosa chakula na kufa yenyewe. Hayakufa. Yalikaa yakimsubiri.

Sasa tutamtaja Bwana Himid, mwenye ile stoo iliyopakana na ofisi, na tunamtaja kwa ruhusa yake mwenyewe. Kaka yake mkubwa hatutamtaja jina, ndivyo familia zote mbili zilivyokubaliana. Ndugu hawa waliachiwa biashara na baba yao, wakashindwa kuigawa, na mnamo Desemba 2023 yule kaka mkubwa alikuja ofisini kwa Batuli, akakaribishwa chai, akakaa.

“Kesi yenyewe ni ndogo, Wakili,” alisema. “Wala sitaki uishinde. Nataka uifungue tu, jina la Himid liwepo mahakamani chini ya saini yako.”

“Halafu iweje?” aliuliza Batuli.

“Halafu tusubiri. Si ndivyo zinavyokwenda kesi zako?”

Yeye ambaye majibu yake yalikuwa ya kesho, safari hiyo hakuchelewa. “Inuka,” alimwambia. “Hata hiyo chai usimalize.”

Yule bwana aliinuka, lakini alipotoka alipita dukani kwao mbele ya wafanyakazi na wateja na kusema kwamba jambo la Himid ameshalipeleka kwa Batuli. Hakuongeza neno, na hapakuwa na haja ya kuongeza. Himid aliacha kuja dukani. Akaacha kulala nyumbani, akaenda kujificha kwenye shamba la wakwe zake Lugoba, akaacha dawa za moyo alizopewa hospitali kwa kuwa hakuona tena faida yake, akaacha na chakula.

Mwezi huo wa Desemba marehemu alikuwa ameanza kusikia maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, na tarehe 9 Januari 2024, katika hospitali moja ya Dar es Salaam, aliambiwa kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba imekwishasambaa. Tunaomba muishike tarehe hiyo. Alimwambia mumewe, akamwomba asimwambie mtu.

Mwezi wa pili alikuja ofisini Bi Miza, mke wa Himid, amejifunika uso mpaka machoni.

“Shikamoo, da Batuli.”

“Marahaba, Miza. Karibu ukae.”

“Sikai. Nimekuja unitolee mume wangu.”

“Nimtoe wapi?”

“Kwenye faili lako.”

Batuli alifungua kabati, akavuta droo zote nje, akamwambia atafute mwenyewe, aone kama kuna karatasi yenye jina la Himid. Miza hakusogea. Alisema, “Sikuja kutafuta, da Batuli. Nimekuja kuomba,” na akapiga magoti pale sakafuni, mbele ya mwanamke aliyekuwa anajizuia asijishike tumbo kwa maumivu.

Jioni ile Batuli alimpigia simu mdogo wake huyu anayewasomea, akamwambia, “Ally, kuna mtu anakufa kwa jina langu, na mimi sijamgusa. Kesho nipeleke Lugoba.”

Walikwenda Jumamosi ya tarehe 24 Februari. Walipofika njia panda ya Msata aliomba gari lisimame, akashuka, akakaa kando ya barabara akiyatazama malori yanavyopinda, na aliporudi ndani ya gari hakusema alichokuwa akikitafuta, wala hakuulizwa. Lugoba walimkuta Himid kwenye chumba kilichofungwa madirisha adhuhuri kweupe, ndevu zimemjaa, mashavu yameingia ndani, na kutoka upande wa vilima ikisikika milipuko ya machimbo, kila mlipuko ukitikisa bati na yeye akitikisika nao. Alipomwona aliyeingia alirudi nyuma mpaka ukutani.

“Umekuja kuona nimefikia wapi?”

“Nimekuja kukuuliza swali, Himid,” alisema Batuli, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango ili asimzibie njia. “Una dai gani juu yangu?”

“Mimi? Nikudai nini wewe?”

“Fikiri. Tumepakana ukuta miaka yote hii.”

Mlipuko mwingine ukapita, vumbi likadondoka kutoka kwenye kenchi, ndipo Himid aliposema, kwa sauti ya mtu anayeona aibu, “Maji ya bati lako.”

“Yamefanya nini?”

“Kila masika yanaingia stoo kwangu. Saruji imeniganda mara ngapi, nikanyamaza.”

“Kwa nini ulinyamaza?”

“Nani angekushtaki wewe?”

“Basi nishtaki,” alisema Batuli. “Jina lako liwe juu, langu liwe chini. Kama kweli kuna kitu kinachokula jina la chini, kinikute mimi.”

Himid alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona usoni, akamtazama tena, kisha akamgeukia mkewe aliyekuwa mlangoni akamwambia amletee uji.

Njia nzima ya kurudi Ally alikuwa na hasira, mpaka walipoivuka Msata akashindwa kujizuia, akasema, “Dada, unajua unacheza na nini?” Hapo ndipo alipoambiwa habari ya ugonjwa, gari likabidi lisimame tena.

“Watasema imekurudia,” alisema Ally alipoweza kusema.

“Watasema. Ndiyo maana naitaka hukumu.” Kisha akamweleza, kwa upole ule aliokuwa akiwaelezea vijana wake, kwamba sheria ya madai inasema kesi ikishasikilizwa yote, ikabaki hukumu peke yake, mhusika akifariki kesi haifi naye, hukumu inasomwa vilevile. “Mimi sina shida ya kuwepo siku ya kusomwa,” alisema. “Kazi yangu ni kufika mwisho wa kusikilizwa. Niombee nifike huko.”

Shauri lilifunguliwa katika Mahakama ya Wilaya tarehe 2 Aprili 2024, Himid akiwa mdai na Batuli mdaiwa, na habari ilipotoka mji ulitulia kama watu wanaosubiri mvua. Himid alirudi dukani, akaanza tena dawa zake, mwili ukamrudi. Batuli akaanza kupungua. Waliokuja kusikiliza hawakuja kwa ajili ya saruji, walikuja kuipima saa yake inavyomlegea mkononi, na kila alipoingia mahakamani benchi lake lilikuwa tupu mpaka mwisho. Mwezi wa sita shahidi hakufika, shauri likaahirishwa, na usiku wake akaona damu, akamkataza Ahlam asiite watu. Mwezi wa saba akalazwa Dar es Salaam, tarehe nyingine ikapita. Mawakili vijana walijitolea kumwakilisha ili apumzike, naye akawaambia wakae wajifunze, maana yeye hakuwa na mwaka mwingine wa kuwafundisha.

Tarehe 19 Agosti aliingizwa kwa kiti cha magurudumu kutoa ushahidi wake, na Bwana Himid alipomwona alivyokwisha alisimama kabla hajaitwa, akamwomba hakimu mapumziko, akatoka na Batuli hadi chini ya kibaraza cha mahakama.

“Naiondoa,” alisema Himid, na alikuwa analia. “Kesi yangu ndiyo inayokuua. Sitaki fidia, sitaki kitu.”

“Himid, mimi niliambiwa nitakufa tangu Januari, wewe hujafungua kesi yoyote.”

“Unasema hivyo kunituliza.”

“Muulize daktari wangu, nimemruhusu. Na ukiiondoa leo watasema kuiondoa ndiko kulikoniongezea siku chache, na mwaka ujao mtu mwingine atakwenda kujifungia chumbani kwa jina la wakili mwingine, labda la mmoja wa hawa vijana wangu. Rudi ndani, unidai.”

Walirudi ndani. Alitoa ushahidi akiwa ameketi, kwa ruhusa ya mahakama, akakiri kwamba ni kweli bati lake linamwaga maji upande wa jirani, kisha, kwa kuwa wakili ni wakili hata akiwa taabani, akabishia idadi ya mifuko ya saruji, na hakimu mwenyewe alionekana kuinamisha uso kuficha tabasamu. Alipomaliza, mahakama ilitamka kwamba kusikilizwa kumefungwa na kwamba hukumu itasomwa tarehe 23 Septemba 2024. Waliokuwepo wanasema alifumba macho, wakadhani amekwenda. Alikuwa anapumua tu, kama mtu aliyetua mzigo.

Alirudishwa nyumbani, na Alhamisi ya jana, tarehe 12 Septemba 2024, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono, Ahlam akimsomea Yasin na Farhan ameegemea miguuni pake, Wakili Batuli Muharami Kondo aliitika wito wa Mola wake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tunajua yaliyosemwa tangu jana. Tumeyasikia. Tunajua kwa nini kina mama wawili walioitwa kumwosha waliishia mlangoni wakasema wamepatwa na udhuru, na tunajua kwa nini asubuhi hii, jeneza lilipoletwa kutoka msikitini, likiwa bado tupu, lilikaa kwenye gari muda mrefu kabla ya mtu kulishika. Hatumlaumu mtu. Tumewasomea tarehe ya hospitali na tarehe ya mahakama, ipi ilitangulia mmesikia, na atakayetaka kuendelea kuogopa tumemwachia yeye na Mungu wake. Hata sisi nduguze, tuseme ukweli, yapo masaa ambayo hatuna uhakika na mioyo yetu.

Lakini hukumu ipo. Tarehe 23 Septemba, siku ya Jumatatu, itasomwa asubuhi katika mahakama ya wilaya yetu, Bwana Ibrahimu atakaa mahali pa mkewe, Bwana Himid atakaa mahali pake, na familia inawaomba nyote mfike kama mlivyofika leo, mkajaze na lile benchi. Hatujui nani atashinda. Marehemu alituomba, akishindwa, bati lirekebishwe kabla ya vuli.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia Dar es Salaam na hapa Bagamoyo, ambao hawakumdanganya hata siku moja, kwa majirani wa Dunda na Kaole, waliokuja mapema na waliochelewa kuja, kwa mawakili na makarani wenzake, kwa kina mama wa mwani waliolala hapa wakipika, na kwa wasomaji wa hitima. Shukrani ya peke yake ni kwa Bi Miza, mke wa Bwana Himid, ambaye jana mlango ulipobaki wazi na hakuna anayeingia, alivua viatu, akakunja mikono ya baibui, akaingia kumwosha Batuli, akamwosha mpaka mwisho, na akatoka na kukaa kando ya Bi Mize, mama wa marehemu, ambapo yupo hadi sasa.

Jeneza litainuliwa. Bwana Himid ameomba kushika mbele, nafasi za nyuma ziko wazi.

Dada yetu, Mungu akupokee kwa rehema, akulaze mahali penye utulivu. Pumzika sasa, huko mahakamani tutakwenda sisi.